Soko Lililofungwa na Mwezi

Jamani, nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu namweleza habari za Migori kwenye foleni ya benki, yule namweleza habari za kisiwani tukiwa msibani, halafu mnakutana wenyewe kwa wenyewe na kuviunganisha, na hadithi inayotoka hapo mimi mwenyewe siitambui. Juzi nimesikia kwamba nilikwenda Kenya kununua boti. Basi nimekaa chini hapa Tanga, nimeandika yote kuanzia mwanzo. Someni, kisha mniache nipumzike.

Kazi yangu mnaijua, ingawa wengi wenu huitania. Kwa miaka mingi nimekwenda katika nchi zilizokuwa zikitoka kwenye uchumi wa kupangwa na serikali na kuingia kwenye soko huria, nikiwashauri wakubwa wa huko namna ya kuachia bei. Nilianzia hapa nyumbani, enzi zile tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni. Na kwa kuwa nilisomea Urusi na lugha yao nikaishika, nikajikuta natumwa mbali, kwenye milima na tambarare zenye baridi ambayo nikiwaeleza mnadhani naongeza chumvi. Nilikuwa nimeshastaafu. Aliyenitoa kwenye kiti changu cha barazani ni Davron.

Davron ni mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, ofisa wa nchi moja ya Asia ya Kati ambayo siitaji kwa kuwa nimemwahidi. Serikali yake ina maduka ya unga katika vijiji vya milimani, na kila mwaka maduka hayo yanakula hasara. Wafadhili wanataka yafungwe ili wafanyabiashara binafsi waingie. Wa kutia saini pendekezo ni Davron: yafungwe, au yabaki. Shida ni kwamba huko theluji hufunga njia kwa miezi, na katika kimojawapo cha vijiji hivyo anaishi mama yake mzazi. Alikaa na ile karatasi bila kutia saini hadi wakubwa wakachoka. Wakamlipia safari, aje aone watu wanavyouziana unga na samaki bila serikali kuwapangia bei, na mimi nikaombwa nimwongoze. Kwa lugha ya mtaani, nilitumwa nimrudishe akiwa tayari kufunga. Nilikubali kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu niliamini.

Migori na Homa Bay nilizichagua mwenyewe. Mahindi ya upande wetu huvukia mpakani Isebania, omena, ndio dagaa wa ziwani, huvuka kuja kwetu, na hakuna ofisa anayesema kipimo kiuzwe bei gani. Niliona hapo somo litajifundisha lenyewe. Sikuangalia tutafika siku gani ya juma, wala mwezi utakuwa na umri gani.

Kutoka Isebania hadi Migori

Tulivuka mpaka asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Nilikuwa na usingizi wa safari, ule unaokufanya uone kila kitu kikienda taratibu kuliko kawaida. Mbele yetu kundi la ng'ombe lilitoka upande wa Tanzania na kuingia Kenya likitembea kwa raha zake, na nyuma yake mchungaji wa Kikuria akiwa na redio begani ikiimba.

"Hao wana kibali?" Davron aliniuliza kwa Kirusi.

"Hao hawajui kama kuna mpaka," nikamwambia. Akacheka, akaandika kwenye daftari lake. Davron ni mtu wa kuandika kila kitu, hata rangi ya ng'ombe.

Migori mjini tulikuwa na miadi na Mama Kemunto, mfanyabiashara wa mahindi aliyehamia hapo kutoka Kisii. Tulipofika kwenye safu yake ya maduka, milango yote ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mbwa alikuwa amelala katikati ya njia kama mwenye mtaa. Nikapiga simu, haikupokelewa. Fundi wa baiskeli aliyekuwa pembeni akatuonea huruma. "Leo ni Jumamosi, Mathe," akaniambia. "Hao ni Wasabato. Endeni kanisani mtampata."

Tukaenda. Mama Kemunto alitoka nje akiwa amevaa gauni jeupe, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya chini. Alitushika mikono yote miwili.

"Mlifika salama? Mungu ni mwema. Lakini mlikuja Sabato. Mahindi mtaona jua ikizama."

"Hata bei tu hutuambii?" nikauliza, nikidhani namtania.

"Hata bei. Leo mimi sina bei."

Nikamtafsiria Davron. "Nani aliyeamuru?" akauliza. Kwao duka likifungwa ujue kuna aliyeamuru. Nikamwambia ni Mungu. Akatikisa kichwa polepole. "Sisi tulijaribu mamlaka zote isipokuwa hiyo," akasema.

Basi tukashinda kanisani. Baada ya ibada tulilishwa chakula kilichopikwa Ijumaa na kutunzwa moto kwenye hotipoti: maharage, wali, ndizi za kupika na managu, ile mboga ya mnavu, yenye maziwa. Davron alirudia sahani mara tatu, akina mama wakampenda papo hapo. Mchana kwaya ilifanya mazoezi ya wimbo mmoja tu, wakifika katikati wanakosea, wanaanza upya. Davron alilala kwenye benchi, kofia usoni. Mimi nilikaa macho nusu, nikisikia ule wimbo ukikaribia mwisho bila kufika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilikuwa nimesahau kwamba kazi inaweza kungoja siku nzima na mtu asife.

Jua lilipozama, Mama Kemunto alibadili gauni, akafungua kufuli, na dakika hiyohiyo mtaa mzima ukafunguka. Mahindi yakaanza kupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, na juu ya kila mkebe akiongeza konzi moja ya bure kwa mteja. Bei aliisema kwa sauti bila kumwangalia mtu yeyote. Nilimgeukia Davron kwa furaha ya mwalimu. "Umeona? Hakuna aliyempangia."

Davron aliniomba nimuulize swali moja: majuma ambayo mahindi hayapo, watu wanakula nini?

Mama Kemunto alimwangalia kana kwamba ameuliza siku ambazo hewa haipo. "Mahindi haiwezi kosa hapa. Barabara si iko?"

Davron akaandika neno moja kwenye daftari, akalipigia mstari chini. Lilikuwa neno "barabara". Sikulipa uzito wakati ule.

Kutoka Migori hadi Magunga

Jumapili tulikodi gari la bwana mmoja anayeitwa Ouma, dereva asiyependa maneno wala breki. Tulishuka kuelekea ziwani hadi Sori, kisha tukakata kulia kufuata njia ya Magunga, ambako barabara ilikuwa ikitengenezwa na kampuni ya Wachina. Mvua ya jana yake ilikuwa imekata njia mahali palipowekwa kalvati jipya. Ouma akazima gari, akateremsha kiti, akalala. Tukakaa hapo zaidi ya saa tatu.

Watu walianza kuja mmoja mmoja kutoka mashambani kutazama maji. Walimwona Davron, macho yake na kofia yake na daftari lake, wakanong'onezana. Mwanamke mmoja mwenye jembe begani akamfuata moja kwa moja.

"Wewe Mchina, hii maji yenu inaingia kwa shamba yangu. Hii bomba mliweka juu sana."

"Mama, huyu si wa barabara," nikaingilia.

"Si anaandika?"

"Anaandika, lakini..."

"Basi aandike."

Davron akauliza wanasema nini. Nilipomweleza, badala ya kucheka alikunja suruali, akaingia kwenye tope, akapima kwa miguu toka kwenye bomba hadi kwenye shamba la yule mama. Akachora. Akaomba majina, niyaandike mimi kwa kuwa hayawezi. Kufika saa sita kulikuwa na foleni ya watu wenye malalamiko: huyu ua wake ulikatwa, yule njia ya ng'ombe wake imezibwa. Tuliletewa mahindi ya kuchoma na uji ndani ya kibuyu. Niliendelea kuwaambia kwamba mgeni wangu ni ofisa wa unga wa nchi ya mbali sana, na waliendelea kuniitikia "sawa, Mama" na kumpa majina.

Maji yalipopungua tukavuka. Kofia ya Davron ilikuwa na tope na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona. "Zamani na mimi watu walinijia hivi," akasema. "Siku hizi hawanijii. Wanajua jibu limeshaandikwa kabla hawajasema." Majina yale aliyaacha kwenye ofisi ya chifu pale Magunga, karatasi nne, na mchoro. Chifu alizipokea akiwa hajaelewa hata kidogo.

Jioni, upande wa Hifadhi ya Ruma, vichwa vya twiga vilijitokeza juu ya vichaka, vitano au sita, vikituangalia kwa upole. Ouma hata hakupunguza mwendo. Nilitaka kumwambia Davron atazame nikaona ameshatazama, kaegemea dirisha, mdomo wazi. Usiku tukalala Mbita.

Kutoka Mbita hadi Mfangano

Asubuhi, kabla ya boti, tuliingia kwenye mkahawa wa gatini. Nikaagiza omena kwa sababu nilitaka Davron awaonje kabla ya kuwaona wakiuzwa.

"Omena hakuna," yule mama mpishi akasema. "Mwezi inawaka."

Nilidhani ni namna ya kusema kwamba wameisha. Nikaagiza ngege, ndio sato wetu, na ugali, tukala kwa mikono. Davron alipambana na miba kwa heshima zote.

Safari ya boti hadi Mfangano nilisinzia sehemu kubwa. Ziwa lilikuwa tulivu, jeupe, huoni maji yanapoishia na anga linapoanzia, na kisiwa kilikuja kwetu badala ya sisi kukiendea. Ndani ya usingizi niliona foleni zetu za zamani, watu niliosoma nao wakiwa wamebeba vikapu, na kila mmoja akiniuliza duka litafunguliwa lini.

Tulipofika ufukweni nilidhani bado naota. Boti za omena zilikuwa zimepinduliwa mchangani mstari mzima. Nyavu zimetundikwa. Taa za kuvulia zimepangwa juu ya ukuta kama vyombo vilivyooshwa. Vichanja vya kuanikia vilikuwa vitupu hadi mwisho wa ufuko. Hapakuwa na mnunuzi, hapakuwa na mizani, na palikuwa na ukimya wa nyumba ambayo wenyewe wamelala mchana.

"Nani amefunga?" Davron akauliza.

Alikuwepo mtu mmoja tu, nahodha wa boti ya omena aitwaye Owino, ameketi kwenye kivuli cha boti yake akishona wavu. Nikamsalimu, nikamuuliza swali la mgeni wangu.

"Ni mwezi, Mama. Huoni vile inawaka? Omena inafuatanga taa yetu wakati kuko giza. Sasa huko juu kuko taa kubwa kuliko yangu. Itafuata gani?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka ianze kuchelewa kutoka. Siku saba, nane hivi."

Nilishikwa na aibu. Nimesomea uchumi nchi mbili, nimepanga ziara kwa kalenda ya ofisi, na nimemleta ofisa kutoka upande mwingine wa dunia kutazama soko la samaki siku ambazo mpishi yeyote wa Mbita anajua halipo. Davron alikuwa ameshafungua daftari. Akaandika kwamba soko la kwanza limefungwa na Mungu, la pili na mwezi. Alikuwa anajizuia kucheka, akashindwa, na mimi nikashindwa.

Ndipo akaja Mama Awuor. Yeye ndiye hununua samaki wote wa boti ya Owino na kuwapeleka sokoni. Mwanamke mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Nyuma yake mkokoteni ulileta gunia la mahindi, na wake wa wavuvi wakatokea na mifuko yao. Akaanza kuwapimia, gorogoro kwa gorogoro, na konzi juu. Hakuna aliyetoa pesa na hakuna aliyeandika.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kula. Hawa wataishi aje na maji imefungwa?"

Owino akaongeza bila kuinua macho, "Mwezi ikiisha sisi tunampea samaki. Yeye peke yake."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya kosa. Niliona somo langu linaponyoka, na nikaona nafasi ya kulirudisha. Owino alikuwa na nusu gunia la omena wakavu kando yake, wa mwisho kabla ya mwezi kuwaka, wanamngoja Mama Awuor. Nilitaka Davron aone kwa macho yake namna bei nzuri inavyoweza kusogeza kitu. Nikafungua mkoba.

"Bwana Owino, wewe unaweza kumuuzia yeyote. Mimi nakupa bei ya Mama Awuor na nusu yake juu. Sasa hivi, mkononi."

Sindano ya Owino ikasimama. Hakuniangalia mimi, alimwangalia Mama Awuor. Mkebe wa Mama Awuor ulibaki hewani, umejaa, haujamwagwa. Mmoja wa wale wanawake alirudisha mfuko wake kifuani na kurudi nyuma hatua moja.

"Unacheza ama ni kweli?" Owino akauliza.

"Ni kweli."

"Mama, rudisha pesa yako kwa mkoba. Tafadhali."

Nilianza kueleza, kwa sauti ile ya semina, kwamba si jambo baya, kwamba mkulima na mvuvi wana haki ya kutafuta bei bora. Mama Awuor aliweka mkebe chini taratibu.

"Mama, wewe ni mgeni, mimi sikasiriki," akasema. "Lakini umekuja kumwambia huyu mbele ya wamama aniwache. Sasa ni sawa, akuuzie. Hiyo bei yako ni nzuri, mimi siwezi fikisha. Halafu kesho unapanda boti ya asubuhi. Na mwezi itakuwa bado inawaka."

Nilitamani ardhi ipasuke nimezwe.

"Amesema nini?" Davron akauliza.

"Amesema wana mazoea yao ya muda mrefu."

"Maneno yote yale yamekuwa hayo machache?" Alinikazia macho. Ni mpole lakini si mjinga. Nikamtafsiria yote, neno kwa neno, pamoja na ile boti ya asubuhi.

Davron alifunga kalamu yake. Aliweka daftari mchangani, akaenda, akashika mdomo wa gunia kuliweka wazi ili Mama Awuor apime vizuri. Wakaendelea hivyo, yeye anashika, mama anapima, hadi mwanamke wa mwisho alipoondoka. Mimi nilimfuata Mama Awuor baadaye nikamwomba radhi. Alinipiga begani. "Umekosa, umesema. Imeisha. Kuja tukule."

Tulikula kwake, ugali wa mtama na nyama iliyokaushwa juani wanayoiita aliya, iliyochemshwa kwa maziwa. Saa moja jioni mwezi ulichomoza upande wa Rusinga, mkubwa, mwekundu kwanza kisha mweupe, na ufuko mzima ukawa kama umemwagiwa unga. Watu wote waliutazama bila furaha. Mimi peke yangu niliuona mzuri.

Kutoka Mfangano hadi Homa Bay

Tulipanda boti ya asubuhi, kama Mama Awuor alivyosema. Mwezi ulikuwa bado upo magharibi, umefifia, haujakubali kuzama. Davron aliketi mbele yangu, magoti yetu yakigusana.

"Dada," akaniambia, kwao mwanamke aliyekuzidi umri ndivyo unavyomwita. "Zile nchi zote ulizoshauri. Uliwahi kurudi?"

Ningeweza kusema nilirudi. Nimerudi katika miji mikuu, kwenye mikutano, nimepigwa picha na mawaziri. Lakini nilijua anauliza nini. Nikamweleza habari ya bonde moja, katika nchi nyingine, nilipokuwa bado na nywele nyeusi. Kulikuwa na maduka matatu ya serikali mle. Nilishauri yafungwe. Kiangazi kizima wachuuzi waliingia na magari yao, unga ukawa mwingi na bei ikashuka, na mimi nikaandika ripoti iliyosifiwa sana. Niliondoka mwezi wa tisa.

"Na baridi ilipoingia?"

"Njia ilifungwa."

"Wachuuzi waliingia?"

"Sidhani."

"Watu walikula nini?"

Boti ilikuwa inakwenda polepole mno, au mimi ndiye niliyeona hivyo. "Sikurudi kuuliza," nikamjibu. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo, hata marehemu mume wangu. Nilikuwa nalijua muda wote, nikaliweka mahali ambapo halinisumbui, na mwanamke wa Mfangano aliyeniona kwa nusu siku akaliona.

Davron aligeuka kutazama maji hadi Mbita. Hakunifariji. Namshukuru kwa hilo.

Ouma alitufikisha Homa Bay kabla ya adhuhuri. Ilitupasa kungoja gari la kumpeleka Davron Kisumu kupanda ndege, nalo lilichelewa, kwa hiyo tukakaa kwenye hoteli ya pembeni ya ziwa tukinywa chai ya maziwa. Magugumaji yalikuwa yamejikusanya yakawa kisiwa kizima cha kijani, kikipita taratibu mbele ya dirisha na yangeyange wawili juu yake, kana kwamba wamekata tiketi. Davron alitoa karatasi yake kwenye bahasha, akaiweka katikati ya vikombe. Ilikuwa na mahali pa saini na sehemu mbili za kuchagua.

"Nishauri," akasema. "Ndiyo kazi uliyolipiwa."

Nilimwambia asifunge. Nilimwambia soko la Mama Kemunto lina barabara mwaka mzima, na soko la Mama Awuor lina Mama Awuor, na vijiji vyake wakati wa theluji havina hiki wala kile. Mpaka apatikane mtu atakayekaa nao hadi njia ifunguke, duka la hasara ndilo Mama Awuor wao.

"Andika," akasema.

Nikachukua karatasi ya hoteli, nikaanza kwa Kirusi, kwa mkono uliozoea: "Inashauriwa kwamba..."

Akaisoma toka upande wake, ikiwa juu chini, kidole chake kikatua juu ya neno la kwanza. "Inashauriwa na nani?"

Mnajua ripoti zangu zote zimeandikwa hivyo? Kurasa kwa kurasa, miaka kwa miaka, inashauriwa, inapendekezwa, imeonekana vyema. Hakuna mtu ndani yake. Niliikunja ile karatasi, nikaomba nyingine. Nikaandika: mimi, Mwanahawa, mshauri niliyeletwa ili maduka haya yafungwe, nashauri yasifungwe, na sababu ni hizi. Nikatia saini na namba yangu ya simu chini. Davron akatia saini yake kwenye karatasi yake, akazikunja zote mbili pamoja, na gari likapiga honi nje.

Tuliagana kwa haraka, kwa namna ya watu wasiojua kama wataonana tena. Mimi nilirudi kwa njia niliyojia, na njiani hakuna jipya la kuwaeleza.

Waliotulipia safari waliniandikia barua ya adabu sana kwamba hawatanihitaji tena. Davron amehamishiwa ofisi nyingine, ndogo kuliko ile. Lakini uamuzi ulipita: maduka yabaki, kwa msimu mmoja wa baridi, mwakani wataujadili upya. Wiki iliyopita alinipigia. Theluji imefunga njia za milimani, akasema, na kuna mtu anataka kunisalimu. Akamwunganisha mama yake kwenye simu.

Sauti ilikuwa ya mbali, yenye mikwaruzo, na Kirusi chake kilikuwa kidogo kama changu wakati naanza. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nikamuuliza kama unga upo dukani.

"Upo," akasema. "Leo asubuhi nimechukua."

Nilipokata simu nililia, na sioni haya kuwaambia. Kisha nikashusha masanduku yangu yote ya zamani kutoka juu ya kabati, nikatoa madaftari ya lile bonde, nikayapekua siku mbili. Nina bei za unga za kila juma la kiangazi kile. Nina majina ya mawaziri na vyeo vyao. Sina namba ya mtu hata mmoja wa mle bondeni ambaye naweza kumpigia.